Kupima Homoni za Ovari kwa Njia ya Mkojo: Funzo kutoka kwa Majike wa Makaki na Sokwe Mtu

Utangulizi

Alfajiri, katika msitu wa Kibale magharibi mwa Uganda, sokwe mtu huamka katika viota walivyovijenga juu ya miti jioni iliyotangulia. Kabla ya kuondoka kwenda kutafuta matunda, karibu kila mmoja hukojoa. Chini ya mti husimama mtafiti aliyevaa barakoa, ameshika fimbo ndefu yenye panda iliyovishwa mfuko safi wa plastiki. Asipofaulu kuukinga mkojo, hufyonza kwa pipeti matone yaliyotua juu ya majani. Mililita mbili au tatu zinatosha. Kutokana na kiasi hicho, maabara inaweza kueleza kama jike yule yumo katika siku za kuweza kushika mimba, kama tayari ana mimba, au kama ovari zake zimekoma kufanya kazi kwa sababu ya uzee.

Makala hii inaeleza jinsi homoni za ovari zinavyofika katika mkojo, jinsi zinavyopimwa, makosa yanayoweza kumpotosha mpimaji, na mambo ambayo tiba ya binadamu inaweza kujifunza kutokana na kazi hiyo. Ni vyema kwanza maneno yawekwe sawa. Katika Kiswahili, nyani, tumbili, mbega na kima ni wanyama wenye mikia. Sokwe mtu na sokwe wengine hawana mkia, na kwa nasaba wako karibu zaidi na binadamu. Wote hao, pamoja na binadamu, huwekwa na wanasayansi katika kundi moja liitwalo primati. Makaki, ambaye hutajwa sana katika makala hii, ni kima wa asili ya Asia, isipokuwa spishi moja ya Afrika Kaskazini, naye hutumika mno katika utafiti wa tiba.

Kwa nini mkojo badala ya damu?

Daktari aliyezoea hospitali atauliza kwa haki: kwa nini damu isichukuliwe, ilhali homoni yenyewe inasafiri ndani ya damu? Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, mzunguko wa ovari hauwezi kueleweka kwa kipimo kimoja. Makaki aina ya rhesus ana mzunguko wa siku 28 hivi, nyani siku 33 hivi, na sokwe mtu siku 36 hivi. Ili mabadiliko yaonekane, vipimo huhitajika kila siku au kila baada ya siku moja. Jike wa makaki mwenye uzito wa kilo 5 ana takribani mililita 300 za damu mwilini mwake. Akitolewa mililita 3 kila siku kwa siku 28, atakuwa amepoteza mililita 84, yaani zaidi ya robo ya damu yake. Hakuna mzunguko wa kawaida unaoweza kutarajiwa kwa mnyama aliyefanyiwa hivyo.

Pili, kumkamata mnyama na kumdunga sindano humtia hofu. Hofu huongeza homoni ya kotisoli, na mfadhaiko wa muda mrefu unaweza kudhoofisha amri zinazotoka katika ubongo kwenda kwenye ovari. Hivyo tendo la kupima linaweza kukiharibu kile kinachopimwa.

Tatu, kwa wanyama wa porini, damu haipatikani bila kumlaza mnyama kwa dawa ya kulevya. Jike aliyepigwa kishale cha dawa anaweza kuanguka kutoka mtini, na mtoto anayembeba anaweza kuumia pamoja naye. Mkojo huokotwa bila mnyama kuguswa, na mara nyingi bila yeye kujua.

Wazo la kutafuta homoni katika mkojo si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito ukidungwa kwa panya wachanga huziamsha ovari zao. Mwaka 1929, Edward Doisy nchini Marekani na Adolf Butenandt nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliitenga homoni ya estroni kutoka katika mkojo wa wajawazito. Kwa hiyo mkojo ni miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyowafunulia wataalamu homoni za kike.

Safari ya homoni kutoka katika ovari hadi katika mkojo

Amri ya kwanza hutoka katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Hiyo huiagiza tezi ya pituitari itoe homoni mbili: homoni ichocheayo folikoli na homoni ya luteini. Chini ya mchocheo huo, kifuko kimoja cha yai hukua na kutoa estradioli kwa wingi unaoongezeka siku baada ya siku. Estradioli inapofikia kilele, homoni ya luteini hufoka ghafla, na yai huachiwa. Kifuko kilichobaki hugeuka kuwa gimba njano, ambalo hutoa projesteroni ili kuuandaa mji wa mimba. Mimba isipotunga, gimba njano hunyauka, projesteroni hushuka, na hedhi huja.

Estradioli na projesteroni ni homoni za jamii ya steroidi, na asili yake ni kolesteroli. Haziyeyuki vyema katika maji, na kwa sababu hiyo figo haziwezi kuzitoa kwa urahisi. Ini ndilo linalotatua tatizo hilo: huzibadili umbo na kuziunganisha na asidi ya glukuroniki au salfeti. Zikiisha kuunganishwa, huyeyuka katika maji na kupita katika figo. Ndiyo maana anayepima mkojo hatafuti hasa estradioli na projesteroni zenyewe, bali mabaki yake. Mabaki makuu ya estrojeni huitwa estroni iliyounganishwa, na baki mashuhuri la projesteroni huitwa pregnanedioli-glukuronidi.

Safari hiyo huchukua saa kadhaa. Mkojo wa alfajiri, kwa hiyo, ni muhtasari wa yale yaliyotokea mwilini usiku kucha, wakati tone la damu huonyesha hali ya dakika ile tu. Kinyesi nacho hubeba mabaki ya homoni, lakini hukawia zaidi kwa kuwa lazima yapite katika utumbo.

Kukusanya na kuhifadhi

Makosa mengi ya upimaji hayatokei katika maabara bali mahali sampuli inapookotwa. Kanuni zifuatazo huzingatiwa:

1. Mnyama atambuliwe kwa yakini. Sampuli isiyojulikana ni ya nani haina thamani, hata ikiwa safi namna gani.

2. Mkojo usichanganyike na kinyesi, kwa maana kinyesi kina homoni zake. Sampuli yenye dalili ya mchanganyiko hutupwa.

3. Saa iandikwe, na ikiwezekana mkojo wa asubuhi ulinganishwe na mkojo wa asubuhi.

4. Sampuli iwekwe katika baridi mapema iwezekanavyo, kisha igandishwe. Ikiachwa katika joto, bakteria huweza kuvunja viungo vya glukuronidi na kuyavuruga matokeo. Kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara kuepukwe.

5. Pasipo na umeme, mkojo unaweza kukaushwa juu ya karatasi ya kuchujia. Njia hiyo ilitumiwa na Cheryl Knott alipowachunguza orangutani wa Borneo, akaieleza kwa watafiti wengine mwaka 1997.

6. Mkusanyaji avae glovu na barakoa. Kinga hii ni ya pande mbili. Makaki anaweza kubeba kirusi cha herpes B, ambacho kwake ni chepesi lakini kwa binadamu huweza kuua. Vilevile mafua ya kawaida ya binadamu yameua sokwe mtu porini.

Tatizo la maji

Mnyama aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, na mnyama mwenye kiu hutoa mkojo mzito. Kiasi cha homoni katika mililita moja kinaweza kupanda au kushuka bila ovari kubadilika hata kidogo. Njia iliyozoeleka ya kusahihisha jambo hilo ni kupima kreatinini, takataka ya misuli inayotolewa na figo kwa kiwango kisichoyumba sana kutoka siku moja hadi nyingine. Kipimo chake kinatokana na kazi ya Max Jaffe ya mwaka 1886: kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki katika hali ya alikali, hutoa rangi ya machungwa, na ukolezi wa rangi hueleza wingi wake.

Mfano wa kubuni utasaidia. Jike mmoja ametoa sampuli mbili. Sampuli ya Jumatatu ina nanogramu 60 za estroni iliyounganishwa katika kila mililita, na kreatinini miligramu 1.2. Sampuli ya Jumanne ina nanogramu 30 tu, na kreatinini miligramu 0.3. Asiyesahihisha atasema homoni imeshuka kwa nusu. Lakini 60 ikigawanywa kwa 1.2 hupatikana nanogramu 50 kwa kila miligramu ya kreatinini. Na 30 ikigawanywa kwa 0.3 hupatikana 100. Homoni haikushuka, bali imepanda mara mbili. Mkojo wa Jumanne ulikuwa na maji mengi, basi.

Hata hivyo kreatinini ina udhaifu wake. Wingi wake hufuata wingi wa misuli, kwa hiyo mnyama mchanga, mkongwe au aliyekonda kwa ugonjwa hawezi kulinganishwa moja kwa moja na mwenye nguvu. Kwa sababu hiyo baadhi ya maabara hupima uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, kwa kutumia kifaa kidogo kinachopima jinsi mwanga unavyopinda. Sampuli nyepesi kupita kiasi huondolewa. Watafiti wengi wa sokwe mtu huacha zile zenye kreatinini chini ya miligramu 0.05 kwa mililita.

Kipimo chenyewe

Mlango wa vipimo vya leo ulifunguliwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson nchini Marekani katika miaka ya 1950, walipotumia kingamwili pamoja na vitu vyenye mnururisho kupima insulini. Yalow alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1971, watafiti wa Sweden na wa Uholanzi walibuni njia iliyoweka kimeng'enya mahali pa mnururisho. Njia hiyo ni salama na nafuu zaidi, nayo ndiyo iliyoenea katika maabara nyingi.

Kwa homoni ndogo kama steroidi, kipimo hufanyika kwa ushindani. Vishimo vya sahani ya plastiki hupakwa kingamwili inayoshika homoni inayotafutwa. Ndani yake hutiwa mkojo pamoja na homoni ya maabara iliyofungiwa kimeng'enya. Homoni hizo mbili hugombea nafasi chache zilizopo. Baada ya kusuuzwa, hutiwa dawa inayobadilika rangi ikikutana na kimeng'enya. Homoni ya mnyama ikiwa nyingi, ile ya maabara hukosa nafasi na rangi huwa hafifu. Ikiwa kidogo, rangi hukolea. Mwanafunzi akumbuke, basi, kwamba hapa rangi hafifu maana yake ni homoni nyingi.

Maabara zenye uwezo mkubwa hutumia mashine zinazotambua kila kemikali kwa uzito wa molekuli zake. Hizo hutenganisha kwa usahihi mabaki yanayofanana, lakini ni ghali.

Kila spishi ithibitishwe

Kosa kubwa ni kuchukua kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake na kukitumia kwa mnyama yeyote bila kukichunguza. Pregnanedioli-glukuronidi ni nyingi katika mkojo wa binadamu na wa sokwe mtu. Makaki hutoa kidogo kuliko hao, kwa kuwa mwili wake huibadili projesteroni kwa njia nyingine. Mpimaji asiyejua hayo anaweza kudhani kwamba jike mwenye afya hapevushi mayai.

Vivyo hivyo kwa kipimo cha mimba. Vijiti vya kupimia mimba vinavyouzwa katika maduka ya dawa hufanya kazi vyema kwa sokwe mtu, kwa sababu homoni ya kondo lake inafanana sana na ya binadamu. Kwa makaki kwa kawaida havisaidii, na homoni hiyo huonekana katika mkojo wake kwa muda mfupi tu mwanzoni mwa ujauzito.

Uthibitisho hufanywa kwa hatua kadhaa. Mkojo huzimuliwa mara nyingi ili kuona kama matokeo yanashuka sambamba na mstari wa viwango. Kiasi kinachojulikana cha homoni huongezwa ili kuona kama kipimo kitakirudisha chote. Sampuli ileile hupimwa mara kwa mara ili kujua mtawanyiko. Mwishowe huja ushahidi wa mwili wenyewe: mjamzito aonekane tofauti na asiye na mimba, na mtu mzima aonekane tofauti na mtoto.

Kuusoma mchoro

Matokeo yakipangwa kwa siku, mzunguko wenye yai una sura inayotambulika. Estroni iliyounganishwa hupanda hatua kwa hatua, hufikia kilele, kisha hushuka. Siku moja au mbili baadaye pregnanedioli-glukuronidi huanza kupanda na kubaki juu. Kanuni inayotumika mara nyingi ni hii: hutafutwa wastani wa siku za mwanzo wa mzunguko, huongezwa mara mbili ya mtawanyiko wake sanifu, na pale vipimo vitatu vinavyofuatana vinapovuka mpaka huo, upevukaji wa yai huhesabiwa kuwa umetokea muda mfupi kabla ya siku ya kwanza ya kuvuka. Ikiwa estrojeni imepanda na kushuka bila projesteroni kufuata, mzunguko huo haukuwa na yai. Na ikiwa projesteroni imepanda, ikabaki juu kupita muda wake, kisha ikaporomoka, yawezekana mimba changa imetoka pasipo yeyote kuiona.

Mkojo unapokanusha macho

Jike wa sokwe mtu huvimba sehemu za nyuma kadiri estrojeni inavyopanda, na kwa miaka mingi uvimbe huo ulichukuliwa kuwa alama tosha ya uwezo wa kuzaa. Mkojo umeonyesha kwamba alama hiyo ni ya kutazamwa kwa tahadhari. Majike walio katika ujana huvimba kwa muda mrefu kabla ya kupata mtoto wa kwanza, na wenye mimba nao huendelea kuvimba katika miezi ya mwanzo. Uvimbe huonyesha uwepo wa estrojeni. Hauthibitishi kwamba yai limeachiwa.

Funzo kubwa zaidi limetoka Ngogo, katika msitu uleule wa Kibale. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba ukomo wa hedhi, ukifuatwa na miaka mingi ya kuishi, ni jambo la binadamu na nyangumi wachache wenye meno. Mwaka 2007 uchunguzi wa jamii sita za sokwe mtu wa porini, wakiwamo wa Gombe na Mahale nchini Tanzania, ulionyesha kwamba uzazi wao hupungua katika umri unaokaribiana na wa wanawake, lakini wengi hufa kabla ya kuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 2023, Brian Wood na wenzake walitoa katika jarida la Science matokeo ya Ngogo. Walitumia kumbukumbu za majike 185 zilizokusanywa kwa miaka 21, pamoja na sampuli 560 za mkojo kutoka kwa majike 66 wenye umri wa miaka 14 hadi 67.

Hakuna jike aliyeonekana kuzaa baada ya umri wa miaka 50. Lakini kutozaa peke yake si ushahidi wa kutosha: jike anaweza kukosa mtoto kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa kukosa dume. Mkojo ndio uliokata shauri. Kuanzia takribani umri wa miaka 50, homoni za ovari zilishuka, na homoni za pituitari zikapanda, kama zinavyopanda kwa mwanamke ambaye ubongo wake unaendelea kuamuru ovari zisizoitika tena. Kwa wastani, majike wa Ngogo waliishi karibu moja ya tano ya maisha yao ya utu uzima baada ya uzazi kukoma. Wala hawakuonekana kuwa bibi wa kulea wajukuu, kwa kuwa mabinti wa sokwe mtu kwa kawaida huhamia jamii nyingine wanapobaleghe. Maelezo yaliyozoeleka kwamba ukomo wa hedhi ulitokea ili bibi asaidie wajukuu hayatoshi, basi, kueleza hali ya Ngogo.

Maana yake kwa tiba ya binadamu

Mwanamke anayehangaika kupata mtoto, anayeishi mbali na maabara kubwa, hawezi kutolewa damu kila siku. Mkojo wake unaweza kukusanywa nyumbani, na mabaki yaleyale ya homoni yakapimwa ili kujua kama anapevusha mayai na lini. Vijiti vya kutambua mfoko wa homoni ya luteini vimejengwa juu ya msingi huohuo. Pia mimba nyingi hutoka kabla mwanamke hajajua kwamba ameshika mimba. Mkojo wa kila siku ni miongoni mwa njia chache za kuzitambua.

Hata hivyo tahadhari za porini ni tahadhari za kliniki. Mkojo mwepesi hupotosha. Kipimo kimoja hakielezi mzunguko. Matokeo ya mgonjwa aliyekonda sana yasisomwe kama ya mwenye misuli. Na pale dalili ya nje inapotofautiana na homoni, zote mbili zichunguzwe upya kabla ya uamuzi kutolewa.

Hitimisho

Upimaji wa homoni za ovari kwa njia ya mkojo umeunganisha mambo mawili ambayo mara nyingi hugongana: usahihi wa sayansi na huruma kwa kiumbe anayechunguzwa. Jike wa Kibale huendelea na safari yake ya kutafuta matunda bila kuguswa, ilhali kile alichokiacha juu ya majani kimefundisha mengi kuhusu uzazi, uzee na mwili wa mwanamke.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkojo hupimwa mabaki ya homoni badala ya estradioli na projesteroni zenyewe?

2. Sampuli ina nanogramu 45 za pregnanedioli-glukuronidi na miligramu 0.9 za kreatinini katika kila mililita. Ni nanogramu ngapi kwa kila miligramu ya kreatinini?

3. Katika kipimo cha ushindani, rangi iliyokolea ina maana gani?

4. Kwa nini kutozaa baada ya umri wa miaka 50 hakukutosha kuthibitisha ukomo wa hedhi kwa majike wa Ngogo?